Mlango Usio na Ngazi: Tathmini ya Ziara ya Kuongozwa Katika Forum Romanum

Kundi letu katika Forum Romanum, uwanja mkuu wa Roma ya kale, lilikuwa la watu 18, na kituo cha kwanza tulichosimamishwa na mwongoza watalii ndicho kilichonifanya niamue kuandika tathmini hii. Hatukuanzia kwenye tao la ushindi, wala kwenye zile nguzo tatu zinazopamba kadi za posta. Tulishuka njia ya mteremko kutoka lango la Largo della Salara Vecchia, tukakata kushoto, tukasimama mbele ya hekalu la Antoninus na Faustina, ambalo ndani yake limejengwa kanisa la San Lorenzo in Miranda. Hapo mwongozaji wetu, mama mmoja, akatuomba tuutazame mlango wa kanisa kwa dakika nzima bila kusema neno. Mlango uko juu, nyuma ya safu ya nguzo, na kizingiti chake kinaning'inia mita kadhaa juu ya sakafu ya hekalu. Hakuna ngazi ya kuufikia. Mtu akiufungua kwa ndani na kupiga hatua moja mbele, ataanguka.

Kisha akatueleza kwamba aliyeujenga hakukosea hata kidogo. Uso wa kanisa hilo ulijengwa upya mwanzoni mwa karne ya 17, wakati bonde lote lilikuwa limefukiwa na udongo na vifusi vilivyorundikana kwa zaidi ya miaka elfu moja, kiasi kwamba kizingiti kililingana kabisa na mahali watu walipokanyaga. Wakazi wa Roma wa siku hizo waliliita bonde hili Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe, kwa kuwa mifugo ndiyo iliyolishwa na kuuzwa hapa, huku vichwa vya nguzo za kale vikichomoza katikati ya majani. Wachimbaji wa baadaye walipouondoa udongo ule, ardhi ikashuka na mlango ukabaki pale pale ulipokuwa.

Sijawahi kusikia utangulizi bora kuliko huo kwa mahali hapa. Forum Romanum huwavunja moyo wageni wengi, nami nimewaona kwa macho yangu wakizunguka na ramani mkononi, wakitafuta ule uwanja mkuu waliousoma na kukuta vipande vya mawe vilivyolala kama vilimwagwa na lori. Hawajaambiwa kwamba hapa kuna viwanja vingi vilivyolaliana, cha jamhuri chini ya cha makaisari, cha makaisari chini ya makanisa, na makanisa chini ya malisho ya ng'ombe. Mwongoza watalii anayestahili malipo yake ni yule anayemsaidia mgeni kujua, kila anapoweka mguu, anakanyaga karne ya ngapi. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia kuipima ziara hii, na katika sehemu kubwa ya safari ilikifikia, ingawa kuna mahali ilianguka vibaya.

Ziara iliuzwa kama matembezi ya saa mbili na nusu. Kampuni sitaitaja, kwa sababu ziara za namna hii huuzwa na kampuni nyingi, na nitakayoyasema yanamfaa yeyote anayetaka kuchagua mojawapo. Malipo ya mwongozaji yalikuwa mbali na kiingilio. Tiketi ya kawaida ya saa 24 inayojumuisha Colosseum, Forum Romanum na kilima cha Palatine ilikuwa euro 18 nilipokwenda. Jambo la kuzingatia ni kwamba Forum na Palatine ziko ndani ya uzio mmoja na huingiwa mara moja tu: ukishatoka, umetoka. Usikubali basi kusindikizwa hadi lango la kutokea kabla hujaona yote uliyoyakusudia.

Turudi kwenye hekalu lile, kwa kuwa tulikaa hapo karibu dakika 20 na hakuna hata moja iliyopotea. Ujenzi wake ulianza mwaka 141 BK, baada ya Faustina, mke wa Kaisari Antoninus Pius, kufariki na kutangazwa na Seneti kuwa miongoni mwa miungu. Nguzo zake 10 ni za marumaru ya Ugiriki yenye mistari ya kijani inayopita kama maji, na kila moja ni jiwe zima lenye urefu wa karibu mita 17. Ukiinua macho kwenye boriti ya jiwe iliyo juu yake, utaona maandishi ya mistari miwili. Mstari wa chini unamtaja Faustina peke yake, nao ndio wa kwanza kuchongwa. Wa juu, unaomtaja Antoninus, uliongezwa baada ya mwaka 161 BK, kaisari mwenyewe alipofariki, ukabanwa kwenye nafasi ambayo ilikuwa imeachwa kwa mapambo. Nilikuwa nimepita mbele ya maandishi hayo mara mbili katika safari ya awali bila kung'amua kwamba ninamtazama mjane akiungana na mkewe kwa herufi, miaka 20 baadaye. Juu kabisa ya nguzo, chini ya vichwa vyake, kuna mikato ya mshazari inayoelezwa kuwa ni alama za kamba za watu waliotaka kuziangusha ili wapate marumaru. Nguzo zilikataa.

Hapo hapo, kando ya hekalu, mwongozaji alituonyesha kiwanja kidogo chenye majani ambacho kundi zima lingekipita bila kukitupia jicho. Mwaka 1902 mwanaakiolojia Giacomo Boni alifukua hapo makaburi ya mwanzoni mwa enzi ya chuma, ya watu walioishi katika vibanda juu ya vilima na kuwazika wafu wao bondeni. Bonde lenyewe lilikuwa kinamasi, likifurika kila maji ya vilima yalipokutana kabla ya kuingia mto Tiber. Lilipata kuwa uwanja baada ya kumwagiwa udongo mwingi wa kulinyanyua na kuchimbiwa mfereji wa kuyatoa maji, ule ulioitwa Cloaca Maxima, ambao mapokeo ya Waroma huuhusisha na wafalme wa ukoo wa Tarquinius. Mfereji ulianza ukiwa wazi, ukafunikwa kwa tao la mawe baadaye. Kwa maoni yangu huo ndio ujenzi mkubwa kuliko wote uliofanyika hapa, na nilifurahi kumsikia mtu wa kazi hii akiupa heshima inayoustahili, maana ziara nyingi huukwepa kwa kuwa hauna nguzo za kupigia picha.

Tukaenda Curia Julia, jumba la Seneti, na hapa nina sifa na lawama kwa pamoja. Kwa nje ni sanduku la matofali lisilovutia, kwa sababu marumaru na lipu vilivyolifunika vimekwisha kubanduka. Ndani kuna ukumbi wenye kimo cha karibu mita 21, na pande zote mbili zimejengwa ngazi tatu pana na fupi ambazo maseneta waliweka viti vyao juu yake. Sakafu imepangwa kwa vipande vya mawe ya rangi, ya zambarau kutoka Misri, ya kijani kutoka Ugiriki na ya manjano kutoka Afrika Kaskazini, kana kwamba waliokaa hapo walitaka kuitandika himaya chini ya miguu yao. Julius Caesar alilianzisha mwaka 44 KK na Augustus akalizindua mwaka 29 KK, lakini kuta tunazoziona ni za Kaisari Diocletian, aliyelijenga upya baada ya moto wa mwaka 283 BK. Limesalia kwa sababu katika karne ya 7 liligeuzwa kuwa kanisa la Sant'Adriano, na kanisa halivunjwi kirahisi. Milango yake ya shaba ilihamishiwa katika kanisa kuu la San Giovanni in Laterano katika karne ya 17, ambako ipo hadi leo. Iliyopo hapa ni nakala. Katika miaka ya 1930 mapambo ya kanisa yaliondolewa ili jumba lionekane tena kama la Diocletian, uamuzi ambao bado unaniuma kidogo, kwani ulifuta karne 13 ili kuirudisha moja.

Lawama ni hii. Mbele ya mlango wa Curia, mwongozaji alisema kwamba Caesar aliuawa ndani ya jumba hili. Kosa hili ni la kawaida mno, na kwa mtu anayelipwa kueleza mawe haya ni kosa kubwa. Siku aliyouawa, tarehe 15 Machi mwaka 44 KK, jumba hili lilikuwa bado linajengwa, na maseneta walikutana katika ukumbi ulioambatana na ukumbi wa michezo wa Pompey, mahali panapoangukia eneo la Largo di Torre Argentina la leo. Nilimweleza pembeni, kwa upole, naye alinishukuru, lakini hakuwarudia wenzetu 17 kuwasahihisha. Wameondoka nalo.

Kinachomhusu Caesar hasa kiko hatua chache tu kutoka hapo: kibanda cha paa la bati kinachofunika kifusi cha jiwe na udongo. Ndiyo mabaki ya madhabahu ya hekalu lake, lililozinduliwa na Augustus mwaka 29 KK karibu na mahali mwili wake ulipochomwa moto mbele ya umati. Siku hiyo palikuwa na maua, baadhi yamekauka na mengine ya asubuhi ile ile, yakiwa yamewekwa na watu ambao hatukuwaona. Kundi lilinyamaza lenyewe bila kuambiwa.

Baada ya hapo tulifika kwenye tao la Septimius Severus, na mwongozaji akalipa deni lake. Tao hili lilisimamishwa mwaka 203 BK kusherehekea ushindi dhidi ya Waparthi, likiwa na njia tatu, ya kati kubwa na za pembeni ndogo, na maandishi marefu juu yake yaliyojazwa herufi za shaba. Herufi zilikwisha kung'olewa, yakabaki mashimo ya misumari iliyozishika. Alitupatia darubini ndogo, mmoja baada ya mwingine, akatuelekeza kwenye mstari wa nne. Hapo mashimo ni mengi kupita kiasi, na jiwe limebonyea kidogo kuliko mistari ya jirani. Mstari huo ulibeba jina la Geta, mwana mdogo wa kaisari. Kaka yake Caracalla alipomwua mwaka 211 BK, aliamuru jina la ndugu yake lifutwe kila mahali, mafundi wakang'oa shaba, wakachonga uso wa jiwe, wakaweka maneno mengine ya kuwasifu baba na kaka. Lakini mashimo ya zamani hawakuweza kuyafuta. Watafiti waliyasoma mashimo hayo na kulirudisha jina. Niliishika darubini ile kwa muda mrefu kuliko haki yangu, na kama ziara nzima ingekuwa ni dakika hizo tano peke yake, ningeilipia tena.

Jirani na tao kuna Rostra, jukwaa la kuhutubia umma, lililopata jina lake kutokana na pua za shaba za meli zilizotekwa Antium mwaka 338 KK na kupachikwa mbele yake, na ambapo mwaka 43 KK kichwa na mikono ya Cicero, msemaji na mwanasiasa, vilianikwa baada ya kuuawa. Hekalu la Saturn lililo upande wa pili, lenye nguzo nane za itale kutoka Misri, lilihifadhi hazina ya dola. Hapa tulipita mbio, na mbio hizo sizilaumu sana, isipokuwa kwenye Basilica Julia. Ngazi za jengo hilo refu la mahakama zina vibao vya michezo vilivyochorwa kwenye marumaru, miduara na safu za vishimo, kazi ya watu waliokuwa wakisubiri kesi au waliokuwa na alasiri ndefu ya kupoteza. Ni kitu kinachohitaji mtu achuchumae ili akione, na sisi tulisukumwa mbele.

Ya tao la Titus yalielezwa vizuri. Lilijengwa baada ya kifo cha kaisari huyo mwaka 81 BK, na ndani ya njia yake kuna mchongo wa askari wakibeba kinara cha matawi saba kilichotwaliwa katika hekalu la Yerusalemu lilipoharibiwa mwaka 70 BK. Kila kundi husimama hapo, na ni haki. Kilichonifurahisha zaidi ni kuonyeshwa kwamba tao lenyewe lina mawe ya aina mbili. Katika enzi za kati lilimezwa na ngome ya ukoo wa Frangipane. Katika miaka ya 1820 msanifu Giuseppe Valadier alipolitengeneza, sehemu zilizokosekana alizijenga kwa travertino, jiwe hafifu kuliko marumaru ya mwanzo, na nguzo mpya akaziacha bila mifereji, ili atakayekuja asidanganyike akadhani kipya ni cha kale. Huo ni uungwana wa fundi, na hadi leo watu wanaohifadhi majengo hulitaja tao hili kama mfano.

Basilica ya Maxentius, ukumbi mkubwa wa shughuli za umma ulioanza kujengwa mwaka 308 BK na kukamilishwa na Constantine, ndiyo sehemu ambayo mwongozaji alionekana kuipenda kuliko zote. Zimebaki dari tatu za upinde za upande mmoja tu, na bado mtu hujihisi mdogo chini yake. Alieleza kwa utulivu jinsi zege la Waroma lilivyotengenezwa kwa chokaa na majivu ya volkano, likamiminwa juu ya fremu za mbao, na jinsi vile visanduku vilivyochimbwa darini vilivyopunguza uzito huku vikiwa pambo. Ukumbi wa kati ulipambwa kwa nguzo nane kubwa za marumaru. Ya mwisho iliyosalia ilihamishwa mwanzoni mwa karne ya 17 ikasimamishwa mbele ya kanisa la Santa Maria Maggiore, na hapo bado imesimama. Alieleza pia hatima ya marumaru nyingine nyingi za bonde hili, ambazo zilivunjwavunjwa na kutiwa kwenye tanuri ili zitoe chokaa. Raphael, mchoraji, alimwandikia Papa Leo X barua akisikitikia jambo hilo, kwamba Roma mpya ilikuwa ikijengwa kwa chokaa cha sanamu za kale.

Ziara ikaishia hapo, na hapo ndipo malalamiko yangu makubwa yanapoanzia. Kijitabu cha kampuni kiliahidi kanisa la Santa Maria Antiqua. Tulipouliza, tuliambiwa muda umekwisha. Vifaa vya kusikilizia vilikuwa vimekwamakwama tangu mwanzo, na kwa watu 18, wale wa nyuma walikosa nusu ya maelezo; muda uliopotea kwenye kuvitengeneza ungetosha kabisa kutufikisha huko. Si kituo cha kurukwa. Kanisa hili lililo chini ya kilima cha Palatine lilianza katika karne ya 6 ndani ya jengo la makaisari, likafukiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 847, likafukuliwa mwaka 1900. Nilikwenda peke yangu. Kuna ukuta mmoja ambao umepakwa rangi mara kadhaa, picha juu ya picha, na pale lipu ilipobanduka unaona nusu ya Bikira Maria mwenye taji la malkia, na juu ya bega lake, kutoka karne nyingine, uso wa malaika. Mwongozaji aliyetufungulia ziara kwa mlango usio na ngazi alikuwa na haki ya kuifunga kwa ukuta huu, na kampuni ilimnyima haki hiyo pamoja nasi.

Kwa anayepanga kwenda, ningependekeza achukue ziara ya kundi dogo, watu 10 wakizidi sana, na aulize kabla ya kulipa ni majengo gani ya ndani yatakayoingiwa na kwa tiketi ya aina gani, kwa sababu Curia na Santa Maria Antiqua hazifunguliwi kila saa na si kila tiketi huzifikia. Aende asubuhi, kwa kuwa kivuli ni haba na jua la kiangazi hurudishwa na mawe. Avae viatu vya nyayo ngumu. Via Sacra, barabara kuu inayopita ndani ya Forum, imetandikwa mawe meusi ya volkano yaliyolainishwa na magurudumu na miguu, na yana mapengo ya kutegua kifundo. Chupa tupu inatosha, maji ya kunywa yapo bombani. Na kabla ya kuingia, apande kwanza kilima cha Campidoglio, ambako bonde lote huonekana kutoka juu bila malipo yoyote.

Kabla ya kutoka nilirudi tulikoanzia, kwenye Basilica Aemilia, ambayo iko mkabala na lango na ambayo kundi letu liliipita bila kusimama. Ilijengwa mwaka 179 KK na kujengwa upya zaidi ya mara moja, na wabadilisha fedha walifanyia kazi zao hapo. Kwenye marumaru ya sakafu kuna madoa madogo ya kijani, ya duara. Ni sarafu za shaba zilizoyeyuka na kushikana na jiwe wakati jengo lilipoungua, moto unaohusishwa na kutekwa kwa jiji na Wagothi wa Alaric mwaka 410 BK. Niliinama nikahesabu madoa saba kwenye bamba moja, mawili kati yake yakigusana, kama yalivyoanguka.